Jua linawaka, safari ya pangoni imefutwa: kwa nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma hapa Leeds, na klabu ya chuo ilipanga kutupeleka pango la Long Churn mwezi huu wa Machi, kisha mwishoni mwa Mei tukashushwe kwa winchi katika shimo la Gaping Gill. Siku ya safari kulikucha kweupe, jua linawaka, lakini kiongozi akafuta kila kitu kwa neno moja tu: maji. Anashikilia pia kwamba hatuingii bila kumwona mwenye shamba, ingawa pango liko wazi malishoni na hakuna mlinzi. Mwenzetu mmoja anasema twende wenyewe, tukizibe kile kijito kwa mawe na viroba vya mchanga, kwa kuwa hata Gaping Gill wanaziba. Je, kuna ubaya gani?

JIBU: Ndugu yangu, kiongozi wenu amefanya sawa kwa yote mawili, na wazo la mwenzenu ndilo la hatari kuliko yote uliyoyataja. Nianze na jua, maana ndilo lililokuudhi.

Mvua iliyonyesha juzi haijamaliza kazi yake. Miamba ya chokaa ya Yorkshire, eneo lenye mapango hayo, imefunikwa sehemu kubwa na udongo ulioachwa na barafu ya kale, na juu yake mboji nyeusi ya milimani. Mboji kavu hunywa maji kama sifongo, ila sifongo likishajaa, tone linalofuata halina pa kwenda. Linateleza hadi kwenye vijito, na vijito vinaingia mashimoni. Ndiyo maana milimita 10 za mvua baada ya wiki kavu zaweza kupita bila mtu kutambua, na milimita 10 hizo hizo baada ya siku tatu za manyunyu zikajaza pango. Isitoshe, sehemu nyingi za milima hiyo zilichimbwa mifereji karne iliyopita ili kukausha malisho, na mifereji hiyo inayapeleka maji pangoni upesi kuliko zamani.

Tufanye hesabu kidogo. Chukulia eneo linalokusanya maji ya pango ni kilomita ya mraba 1. Milimita 10 za mvua juu yake ni mita za ujazo 10,000. Ardhi ikiwa imeshiba, tuseme nusu yake inateremka ndani ya saa 3. Hizo ni mita za ujazo 5,000 katika sekunde 10,800, yaani takriban lita 460 kila sekunde. Kijito ambacho siku ya kawaida kinapitisha lita 10 au 20 kwa sekunde, unachokivuka bila kulowesha soksi ndani ya gambuti, kinakuwa mara ishirini au arobaini na zaidi. Hilo linaweza kutokea huku juu yako hakuna wingu, kwa sababu mvua imenyesha upande wa pili wa kilima, au imenyesha usiku ninyi mmelala Leeds.

Na kwa kuwa ni Machi, uliza jambo moja zaidi: juu ya mlima Ingleborough, ulio jirani na mapango hayo, kulikuwa na theluji? Kama ilikuwepo, basi lile jua lenyewe ndilo lililokuwa likileta maji. Theluji huyeyuka kuanzia saa za asubuhi, na mkondo hupanda mchana, wakati hasa mnapokuwa ndani mkijiandaa kurudi. Asubuhi mlangoni ungeona maji madogo ukadhani mambo shwari.

Long Churn hasa linahitaji uangalifu kwa sababu linaonekana rahisi. Wanaoanza wengi hupelekwa huko. Lakini ni mlango wa pembeni wa Alum Pot, lile shimo kubwa la wazi lililo juu ya kijiji cha Selside, ambalo John Birkbeck na William Metcalfe walilifikia kwa kupitia Long Churn mwaka 1847. Mkondo mkuu wa Long Churn hugeukia Diccan Pot, shimo la maporomoko matupu, nanyi mnafuata njia iliyo kavu zaidi. Maji yakizidi, ile njia kavu haibaki kavu. Ukitaka kujua ardhi ile ilivyotobolewa, fikiria tu kwamba maji ya Alum Pot hupita chini ya mto Ribble na kuibukia ng'ambo yake, kwenye dimbwi liitwalo Turn Dub.

Kinachoua pangoni si kuzama peke yake. Maji ya huko yana nyuzijoto 8 au 9 hivi. Mtu akining'inia kwenye kamba ndani ya maporomoko, maji yanamgonga helmeti na mabega, hasikii anachoambiwa, kila akivuta pumzi anavuta na maji, na vidole vinakufa ganzi mpaka haviwezi kufungua karabina, ile pete ya chuma ya kufungia kamba. Dakika chache za hali hiyo zinatosha kumfanya mtu mwenye nguvu ashindwe kujisaidia. Kwenye njia za kutembea, kumbuka kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye miguu unaongezeka mara nne. Maji ya magoti yanayokwenda taratibu unapita ukiongea. Maji hayo hayo yakikimbia yanakuangusha, na mwenzako aliyekuja kukuinua naye anaanguka.

Mfano unaopaswa kukaa kichwani mwa kila anayeingia mapango ya Yorkshire ni pango la Mossdale, tarehe 24 Juni 1967. Watu kumi waliingia, wanne wakatoka mapema, sita wakaendelea ndani. Mvua kubwa ikashuka na mkondo wa Mossdale Beck ukafunika mlango. Waokoaji kwa mamia walichimba mfereji mlimani ili kuugeuza mkondo huo, na hata baada ya kazi yote ile, wale sita walikutwa wamekwisha kufa. Juni, mwezi wa kiangazi. Mkondo uligeuzwa na watu wengi wenye zana, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutangulia.

Hapo ndipo ninapotaka uelewe jambo la msingi kuhusu maji ya pangoni: unayasimamia kwa kuchagua siku, na kwa kuhamisha kamba na watu. Kuhamisha maji yenyewe ni kazi ya mwisho kabisa, yenye masharti mengi.

Kuchagua siku kunaanza siku tatu kabla. Andika mvua iliyonyesha kila siku, si utabiri wa kesho tu. Tazama vipimo vya kina cha mto Ribble, ambavyo Wakala wa Mazingira wa Uingereza huvitoa bure mtandaoni: mto ukiwa bado unapanda, au umepanda na haujaanza kushuka, badilisha pango. Asubuhi ya safari angalia picha za rada, kwa kuwa utabiri wa “manyunyu hapa na pale” hausemi ni hapa gani. Kisha pima mlangoni kwa macho yako. Tafuta sehemu ya kijito iliyonyooka, pima upana na kina, halafu dondosha jani na uhesabu sekunde linazotumia kwenda mita 5. Upana mita 1, kina sentimita 10, jani linatumia sekunde 20: kasi ni mita 0.25 kwa sekunde, kwa hiyo lita 25 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, basi zidisha kwa 0.8 upate lita 20. Andika namba hiyo na tarehe. Klabu yenye daftari la namba kama hizo kwa mlango mmoja, miaka kadhaa mfululizo, ina hazina isiyopatikana kwenye kitabu chochote cha mwongozo.

Kuhamisha kamba ni ufundi wa anayezifunga. Anatafuta bolti zilizo mbali na maporomoko hata kama zinamlazimu kutambaa ukutani mita kadhaa, na pale kamba inapoelekea majini anaivuta pembeni kwa kitanzi na karabina. Sentimita 50 za kuvuta pembeni zinaweza kuwa tofauti kati ya kulowa na kupigwa na mkondo mzima. Anayefunga vizuri huangalia pia maji yatakuwa wapi mkondo ukiongezeka maradufu, kwa sababu maporomoko yakinenepa huruka mbali zaidi na ukuta na kukukuta pale ulipodhani ni pakavu.

Sasa mifuko ya mchanga. Mwenzenu ana ukweli nusu. Gaping Gill kweli mkondo wa Fell Beck huzibwa na kuelekezwa pembeni wakati wa winchi, ile ya Bradford Pothole Club mwishoni mwa Mei na ile ya Craven Pothole Club mwezi Agosti, ili usimmwagikie mtu anayeshuka shimo la mita 98. Ni wazo la zamani. John Birkbeck alichimba mfereji wa kuugeuza mkondo huo huo mwaka 1842, akashuka mpaka kwenye ukingo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, asifike chini. Mfaransa Édouard-Alfred Martel ndiye aliyefika chini, mwaka 1895, kwa ngazi za kamba. Lakini klabu hizo zina ridhaa ya mwenye ardhi, zina watu wa kulinda mkondo, zina uzoefu wa miaka mingi wa mahali pamoja, na maji yakipanda kupita kiasi winchi inasimama. Hawategemei bwawa liyashinde maji ya mafuriko. Wanayageuza maji ya siku ya kawaida, basi.

Tazama mwenzenu angekutana na nini. Tuseme kijito kina lita 20 kwa sekunde, na bwawa lenu lina urefu wa mita 10, upana mita 5, kina cha wastani nusu mita. Hilo ni bwawa kubwa kwa vijana wa Jumamosi. Linabeba mita za ujazo 25, yaani lita 25,000. Gawanya kwa 20: sekunde 1,250. Dakika 21 na limejaa! Baada ya hapo ama maji yanafurika juu yake kama vile halipo, ama yanalibomoa, na lita 25,000 zinaingia pangoni kwa mpigo wenzenu wakiwa chini. Mmejitengenezea mafuriko ambayo mvua haikuyaleta. Bwawa la mawe matupu ni baya zaidi, kwa sababu linavuja, mawe yanalegea kidogo kidogo, na hakuna dalili mpaka lile la chini lichomoke.

Kwa hiyo kuziba bila kuchepusha hakuna maana. Na kuchepusha kunataka mahali pa kupeleka maji na bomba la kutosha. Bomba la plastiki la inchi 4, maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde, hupitisha lita 12 hivi kwa sekunde. Kwa lita 20 unahitaji mawili, na mteremko mzuri. Kwa zile lita 460 za hesabu ya juu ungehitaji zaidi ya mabomba 35. Upande wa viroba: ukuta wa urefu wa mita 3 na kimo cha nusu mita, uliojengwa inavyotakiwa, chini upana mara tatu ya kimo, unakula viroba 90 hadi 100 vya kilo 19 hivi kila kimoja. Ni karibu tani 2 za mchanga, zibebwe mgongoni kupanda mlima.

Kundi lenye vibali likifanya kazi hiyo, linafanya hivi. Viroba hujazwa theluthi mbili tu ili vilale na kushikana, mdomo umekunjwa chini, na hupangwa kwa kupishana kama matofali. Turubai hutandazwa upande maji yanakotoka, ncha yake ya chini ikikandamizwa kwa viroba. Sehemu moja ya ukuta huachwa chini kuliko nyingine, ili ziada imwagike pale mnapopataka. Hakuna kung'oa majani wala kuvunja kuta za mawe za mwenye shamba kupata mawe. Mtu mmoja anabaki bwawani muda wote, mwenye namna ya kuwasiliana na walio chini, na hana kazi nyingine. Na kuna sheria moja isiyovunjwa: bwawa halifunguliwi mpaka mtu wa mwisho ahesabiwe nje, na hufunguliwa polepole, kiroba kimoja kimoja kutoka juu, ili maji yasiende kwa kishindo kuwasumbua walio chini ya mlima.

Maana wapo. Kijito kikizama ardhini kinaibuka mahali, na huko kuna ng'ombe wanakunywa, samaki, pengine nyumba inayotumia chemchemi. Ukikigeuza kiingie shimo jingine, yaweza kuibukia bonde jingine. Kwa sheria ya Uingereza ya mifereji ya mwaka 1991, kuweka kizuizi kwenye kijito kunataka idhini ya mamlaka husika ya mafuriko au mifereji ya eneo hilo, na sehemu kubwa ya Ingleborough ni eneo lililohifadhiwa kwa ajili ya sayansi, ambako idhini ya taasisi ya Natural England nayo inahitajika. Hata ridhaa ya mkulima peke yake haitoshi.

Thailand, mwaka 2018, wale vijana 12 na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang kuanzia tarehe 23 Juni hadi wa mwisho alipotolewa tarehe 10 Julai, timu nzima zilikuwa juu ya mlima zikigeuza vijito kwa mabomba, huku pampu zikivuta maji kutoka chini. Maji yaliyotolewa yalifunika mashamba ya mpunga ya wakulima wa pale. Hicho ndicho kiasi cha kazi kinachohitajika kupambana na mkondo uliokwisha kuingia pangoni, na bado pampu na mabomba yalipunguza tu maji. Vijana walitolewa na wapiga mbizi.

Nije kwa mwenye shamba. Aliyezoea Amboni, pale nje ya Tanga, amezoea kulipa na kuongozwa na mtu mwenye taa. Selside hakuna mwongoza wageni malishoni, na hapo ndipo wageni wengi hudhani pango ni la Mungu na watu wote. Kwa miaka mingi utaratibu wa Long Churn na Alum Pot umekuwa kupita kwanza shambani, kulipa ada ndogo kwa kila kichwa, ndipo kupanda. Sheria ya mwaka 2000 inawapa watu haki ya kutembea kwa miguu kwenye ardhi nyingi za milimani, lakini kama haki hiyo inaingia chini ya ardhi ni jambo ambalo wapenzi wa mapango na serikali wamebishania kwa muda mrefu. Usijenge safari ya wanafunzi juu ya mabishano. Ada yenyewe ni ndogo kuliko nauli yenu, na mkulima mmoja akikasirika anaweza kufunga njia kwa klabu zote za kaskazini.

Mwenye shamba anachokitaka si fedha tu. Aprili na Mei kondoo wanazaa, na kundi la watu wenye kelele linaweza kumtenganisha mama na mwanawe. Geti uliloliacha wazi linamgharimu siku nzima ya kukusanya mifugo. Gari likifunga njia ya trekta, au watu wakivua nguo barabarani mbele ya nyumba za kijiji, malalamiko yanamfikia yeye. Basi mmoja wenu, mmoja tu, aende mlangoni akiwa msafi, aseme mko wangapi, mnaingia wapi, mnatarajia kutoka saa ngapi, na magari yakae wapi. Mkitoka, pungeni mkono au pitieni kusema mmetoka salama. Masharti hubadilika, kwa hiyo kila safari tazameni taarifa za Baraza la Klabu za Mapango za Kaskazini, CNCC, ambalo huzungumza na wenye ardhi kwa niaba ya klabu, na hakikisheni bima ya chama chenu iko hai, kwa sababu mara nyingi ruhusa inategemea bima hiyo. Mkiwakuta popo wamelala, piteni kimya bila kuwamulika. Uingereza wanalindwa na sheria.

Siku mtakapoingia, angalieni kuta. Nyasi au majani yaliyonasa juu ya kichwa chako yanakuonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho, na povu lililokauka darini linamaanisha hapo hapakubaki hewa. Mkiwa ndani, maji safi yakianza kuwa na rangi ya chai ya rangi, vijiti na povu vikianza kuelea, au ngurumo ya mbali ikibadilika sauti, mkondo unapanda. Kama njia ya kutoka ni fupi na iko juu ya maji, tokeni mara moja. Kama kati yenu na mlango kuna maporomoko ya kupanda au sehemu maji yanapokaribia dari, msijaribu. Pandeni mahali pa juu kuliko alama zote za povu, kaeni mmebanana ndani ya mfuko wa dharura, kuleni, zimeni taa zote isipokuwa moja, msubiri. Mapango ya huko hujaa upesi, na mara nyingi hupungua ndani ya saa kadhaa mvua ikikoma.

Kwa Jumamosi ijayo, kabla hamjaondoka Leeds, mwachieni mtu anayeaminika karatasi yenye jina la pango, mlango mnaoingilia na mnaotokea, idadi yenu, namba za magari, saa ya kutoka na saa ya kupiga simu kama hamjatokea. Chini ya ardhi simu haishiki. Muda huo ukipita, apige 999, aombe polisi, kisha aseme anahitaji uokoaji wa pangoni. Upande wa Ingleborough watakaokuja ni Cave Rescue Organisation wa Clapham, watu wa kujitolea, kazi wanayoifanya tangu 1935. Na kama mmetoka salama, mpigieni yule mwenye karatasi kabla hamjavua gambuti.